Sifa za Msumbufu wa Mkutano

Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi, na Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1511. Bado hajasifiwa yule mtu wa Gitega, Kigali, anayenyoosha mkono Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, umekwisha, majembe yamewekwa chini, jua limeanza kuchoma, na mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, ameuliza kwa adabu tu kama kuna swali, huku akiomba lisiwepo. Lipo. Mtu huyo ana karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nne. Hukohoa kwanza. Husema ana swali moja dogo, na walioketi nyuma hupeana macho, maana wanajua swali hilo lina watoto na wajukuu. Anataka kujua mfereji ulikaguliwa na nani, mchango wa ulinzi umefikia wapi, na kwa nini jina la mjane fulani halimo kwenye orodha ya wanaosaidiwa. Vijana huguna. Akina mama hukumbuka maharage waliyoyaacha jikoni. Ni kiumbe mzito, asiye na haya wala saa, nami namsifu kuliko wote waliofyeka nyasi asubuhi ile.

Wanaomlaumu husema anajisemea mwenyewe: mfereji anaoulilia unapita ukutani kwake. Ni kweli, na ndiyo sifa yake ya kwanza. Gitega ni sekta ndogo ya wilaya ya Nyarugenge, iliyosongamana kwenye mteremko unaoshuka kuelekea korongo la Mpazi, ambako maji ya bati la huyu huishia kwenye sakafu ya yule. Mhandisi ana mchoro mezani. Msumbufu ana alama ya tope ukutani, na alama hiyo haijui kudanganya. Siku hizi kando ya Mpazi yamejengwa majengo ya ghorofa ili wakazi wa vibanda vya zamani wapate makao bila kuhamishwa mtaa wao. Huwezi kuyatazama bila kukumbuka Kangondo na Kibiraro kule Remera, mahali watu walipopaita Bannyahe, ambako wakazi wengi walikataa kupewa nyumba za Busanza badala ya fedha, wakaishika sheria ya fidia ya mwaka 2015, wakaenda mahakamani, na mwishowe nyumba zao zikabomolewa Septemba 2022. Walishindwa, na sisemi kwamba kushindwa kwao ndiko kulikoijenga Mpazi. Nasema tu kwamba mpango unaomwacha maskini kwenye mtaa wake unajibu, utake usitake, swali walilokuwa wakilirudia wale wasumbufu: kwa nini lazima sisi tuondoke ndipo mji upendeze?

Hapa mzaha unapungua, kwa sababu Rwanda inajua kuliko nchi nyingi gharama ya mkutano usio na msumbufu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 hayakuendeshwa na wahuni wa barabarani peke yao. Amri zilishuka kwa ngazi za utawala, kutoka mkoa hadi komini, kutoka komini hadi sekta na seli, na kuua kuliitwa kazi, kwa lugha ile ile ya kufyeka vichaka ambayo watu walikuwa wameizoea kwenye umuganda tangu miaka ya 1970. Mashine ya namna hiyo huhitaji watu wengi wasiouliza. Alipotokea mmoja wa kuuliza, ilikwama. Prefe, yaani mkuu wa mkoa, wa Butare, Jean-Baptiste Habyalimana, hakukubali ofisi yake iwe mkono wa wauaji, na katika sehemu kubwa ya mkoa wake mauaji makubwa yakachelewa. Ilibidi aondolewe kwanza. Kisha tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, akaja Butare kuhutubia, na damu ikamwagika huko kama kwingine. Habyalimana naye aliuawa. Katika komini ya Giti, burugumesta, yaani mkuu wa komini, Édouard Sebushumba hakuiruhusu mashine hata kuwaka. Na huko Ruhango alikuwepo ajuza Sula Karuhimbi, ambaye majirani walimdhania mchawi. Wauaji walipofika mlangoni aliwatishia mizimu yake, wakarudi nyuma. Watu zaidi ya mia moja walipona kwa kujificha nyumbani kwake. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani, lakini kabla ya hapo angewania kwa urahisi cheo cha mtu asiyependwa kijijini. Heshima ya kijiji haikuwaokoa watu wale. Sifa mbaya ya bibi mmoja iliwaokoa.

Mpinzani wangu mwerevu atanikumbusha kwamba mwaka ule kelele hazikukosekana. Redio RTLM ilipiga makelele mchana na usiku, na Sindikubwabo mwenyewe, katika hotuba ile ya Butare, aliwadhihaki wanaosema mambo hayawahusu. Kama kuamsha waliolala ni wema, mbona waamshaji wale walikuwa mashetani? Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba wale walikuwa wabaya. Tazama kelele inaelekea wapi. Mchochezi huzungumza na umati kuhusu jirani mnyonge ambaye hajapewa nafasi ya kujibu. Msumbufu huzungumza na mwenye mhuri, mbele ya watu, na hukaa chini kusubiri jibu. Yule hataki kuulizwa chochote, huyu anaishi kwa maswali. Wala msumbufu si lazima apige kelele: wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, walipoamriwa na waasi tarehe 18 Machi 1997 wajitenge Wahutu huku na Watutsi kule, hawakupiga kelele yoyote. Walikataa kujitenga, na baadhi yao wakauawa. Leo ni mashujaa wa taifa wa daraja la Imena.

Wengine watasema Kigali imejengwa kwa nidhamu: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, barabara zinafagiliwa, mikutano huanza kwa wakati. Sawa, na msumbufu hafagii vizuri kuliko wengine. Lakini taifa hili hili, lilipotaka kujua nani alifanya nini mwaka 1994, lilifungua mahakama za kijamii za gacaca zaidi ya 12,000, ambazo hadi zilipofungwa mwaka 2012 zilishughulikia kesi zinazokaribia milioni mbili, na kesi nyingi zisingesogea hatua moja bila raia kusimama kwenye nyasi, mbele ya majirani, na kusema jambo ambalo wengi walitamani lisisemwe. Hayo ya nidhamu na haya ya mdomo yamekaa nyumba moja kwa muda mrefu.

Kasoro za mtu wangu sizifichi. Hajui kufupisha. Hukosea hesabu, kisha hutetea kosa kwa ushupavu ule ule anaotetea nao haki. Mara nyingine swali lake lilikwisha kujibiwa mwezi uliopita, yeye akiwa ameinama anaandika la pili, na jinsi mkewe anavyoishi naye ni muujiza ambao sitaugusa. Lakini mtunza fedha wa mudugudu, akijua kwamba kesho kuna mkono utakaonyooshwa, hufungua daftari Ijumaa usiku na kuhesabu upya mchango wa ulinzi. Hesabu hiyo ya Ijumaa ndiyo ujira wote wa msumbufu, kwa sababu sheria inayoweza kumtoza asiyefika umuganda hadi faranga 5,000 haikumtengea hata senti yule anayebaki kuuliza.