Mtu Asiye na Deni

Bibi yangu alinilea kwa wosia mmoja: kukopa harusi, kulipa matanga. Nikayakwepa yote mawili. Friji nilinunua kwa kudunduliza, kitanda vivyo hivyo, na duka la mtaani kwetu Mombasa halijawahi kuniandika daftarini. Kwa hiyo siku niliyokwenda benki kuomba mkopo wa kuezeka nyumba, nilivaa shati la Idi na kuketi kwa maringo.

Afisa mikopo akagonga kibodi, akakunja uso. "Mzee, CRB huonekani."

Nikamshukuru Mungu. Watu wote ninaowajua huitaja CRB kwa sauti ya msibani.

"Usishukuru," akasema. "Hilo ndilo tatizo."

Akanieleza. CRB ni kampuni za kumbukumbu za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, ambazo hupokea kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine habari za nani amekopa, amelipa lini, amechelewa kiasi gani. Zamani zilipelekewa wadaiwa sugu tu. Siku hizi hata mlipaji mwema huandikwa. Ukikawia, mkopeshaji sharti akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuanika, na doa hilo hukaa miaka 5 hata ukishamaliza deni. Asiyekopa je? Hana doa, wala hana sifa.

Kila mteja ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Nikaiomba yangu. Ikaja nyeupe pe! Kodi ninayolipa kabla ya tarehe 5 haimo. Mama mboga anayenisifu mbele za watu hamo. Lakini jirani yangu, anayekopa kwa simu asubuhi na kulipa jioni kwa mkopo wa simu nyingine, ana alama za kumringia mkwe. Mashine haikuulizi kama una adabu. Inauliza kama umewahi kudaiwa ukalipa.

Basi nikakopa kwa simu shilingi 2,000 nisizozihitaji, nikaziacha zilale, nikazirudisha mapema pamoja na ada. Mke wangu akanitazama weee.

"Baba Salma, kumbe unatafuta wa kukuandika? Ungeniuliza. Pesa zangu za leso ulizochukua tangu Ramadhani ninazo zote kwenye karatasi. Na mimi sitoi notisi ya siku 30."