YAH: Maombi ya Ndoo Kupewa Siti

Kwa Mkuu,
Ofisi Yenye Dhamana ya Usafiri Mjini,
Ghorofa ya juu, penye kiyoyozi,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule binti wa meza ya nyuma kwenye semina ya wadau, niliyepewa dakika mbili kati ya sala ya ufunguzi na chai. Sura yangu huenda umeisahau, ila fulana utaikumbuka, maana ofisi yako ndiyo iliyotugawia, na yangu ilikuwa saizi ya baba mwenye kitambi. Siku ile nilisema wanawake wanataabika kwenye daladala. Ukaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina takwimu. Sikuwa nazo. Ukasema hoja umeipokea na mtaifanyia kazi, tukapiga makofi, ukaondoka kabla ya sambusa kwa sababu shangingi lilikuwa linaunguruma nje muda wote ule, dereva akilinda ubaridi usipotee.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo. Anayetetea wanawake huulizwa takwimu. Anayetetea mzigo huulizwa kilo tu, na kilo ninazo. Kwa hiyo kuanzia tarehe ya barua hii nimeacha kuwatetea wanawake. Naitetea ndoo.

Mteja wangu ni ndoo nyeupe ya lita ishirini. Zamani ilikuwa ya rangi ya ukuta, sasa ni mali ya mama yangu mdogo, mkaanga samaki wa Buza. Ina mfuniko wa buluu ambao si wake. Alfajiri ya saa kumi mteja wangu hutoka nyumbani kwenda soko la samaki la Feri, mtupu, na huko konda humsamehe. Akirudi amejaa, hulipiwa nauli. Nayo si nauli ya mzigo. Ni nauli ya mtu mzima, zile shilingi 600 zilizoanza Desemba 2023. Mama mdogo akilalamika, konda ana jibu tayari: "Bimkubwa, ndoo nayo si imekaa?"

Ndoo haijakaa, Mheshimiwa. Imesukumwa kwa mguu chini ya siti ya mlangoni, inabanwa na visigino vya watu wasioijua. Mteja wangu amelipa nauli kamili na hana siti. Ningekuwa namwongelea binadamu ungeniambia hiyo ndiyo hali halisi ya usafiri wetu, tuvumiliane. Ndoo haikusaini popote kwamba itavumilia. Tunaomba siti, ya dirishani ikiwezekana, maana samaki wanahitaji hewa.

Sasa nikupe takwimu zako, nisije nikaonekana nimekwepa. Baba mdogo ni mlinzi wa ghala Kariakoo. Hupanda gari moja kwenda na moja kurudi: 1,200. Mama mdogo juzi alipanda mbili kwenda Feri na mbili kurudi, mchana akampeleka mjukuu kliniki Temeke, moja kwenda na moja kurudi. Mara sita: 3,600. Ongeza 1,200 za mteja wangu, inakuwa 4,800. Hapo sijahesabu sokoni kununua mafuta ya kukaangia, maana alikwenda kwa miguu ili hesabu isizidi kuharibika. Kila akishuka na kupanda nauli inaanza upya kama vile ndiyo kwanza anazaliwa.

Kwenye ile fomu mliyotugawia kwenye semina, swali lilikuwa moja: "Unatumia usafiri gani kwenda kazini?" na kisanduku kimoja mbele yake. Baba mdogo alitia tiki akarudi kulala. Mama mdogo nilimjazia mimi. Niliandika kisandukuni, nikatoka nje ya kisanduku, nikageuza karatasi. Afisa wako akaniambia fomu yangu imeharibika, kwa hiyo haitahesabiwa.

Wala simlaumu konda, ingawa najua mngependa nimlaumu yeye. Tangu watu binafsi waliporuhusiwa kubeba abiria mwaka 1983, na shilingi tano za nauli, ile "dala", zikayapa magari jina, mambo huendeshwa kwa hesabu. Jioni tajiri wa gari anataka hesabu yake. Ikitoka hiyo na mafuta, kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Sasa fikiria gari limesimama Sokota kumsubiri mama mwenye ndoo apande kwa hatua zake. Nusu dakika. Gari la nyuma limeshalipita, limezoa abiria wa vituo viwili vya mbele. Konda akimwacha mama huyo barabarani, kichwani mwake amepiga kutoa na kujumlisha tu. Ndivyo anavyomwacha pia binti wa shule mwenye mia mbili mkononi, kwa sababu nafasi ile ile ina mtu wa mia sita. Bodaboda anayekuja baadaye kumpa binti lifti ya bure haidai mia mbili. Anachodai hujulikana muhula unaofuata. Hayo ofisi yako huyaita maadili, na kuna kamati nyingine inayoshughulika nayo.

Kuna ambao wameshajipatia suluhisho wenyewe bila kusubiri kamati. Wenye nguvu hupita dirishani. Wenye nauli ya ziada hugeuza na gari: wanapanda kituo cha nyuma, wanalipa, wanakwenda nalo hadi mwisho, wanarudi wameshakalia siti, wanalipa tena. Nimejaribu kumfikiria mama mdogo akipita dirishani na kanga mbili na mteja wangu. Nimeshindwa, na nina mawazo mapana.

Halafu kuna mwaka 2020. Ulipoingia ugonjwa wa korona, amri ikatoka: level siti, hakuna kusimama. Kituoni tulisubiri mpaka miguu ikafa ganzi, sikatai. Lakini kwa wiki zile, ndani ya gari, hakuna mwanamume aliyeniegemea mgongoni. Kumbe inawezekana! Kilichohitajika ni kirusi kinachowapata na wakubwa.

Nafika sasa kwenye ushahidi wa tabia njema ya mteja wangu, nikiomba uusome polepole.

Asubuhi moja nilimsindikiza mama mdogo kutoka Feri. Gari lilikuwa limejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni, akipaza sauti kwamba huko nyuma kuna nafasi ya kucheza mpira. Tumeshika bomba. Mama mdogo ni mfupi. Bomba hulifikia kwa ncha za vidole, mkono wote umenyooka, kanga ya juu inapanda na kila kona. Mkono mwingine umeinama unazuia mfuniko wa ndoo. Mwanamke wa namna hiyo, Mheshimiwa, hana mkono wa tatu. Nyuma yake alisimama bwana mmoja mwenye suruali ya kijivu iliyopigwa pasi. Gari likifunga breki, bwana yule anamlalia. Gari likiondoka, bado amemlalia. Mama mdogo akamgeuzia shingo. "Samahani mama, gari imebana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye elimu.

Breki ya tatu mama mdogo aliachia mfuniko. Aliuachia tu, kama mtu aliyechoka mkono. Maji ya samaki, yale yenye magamba na damu kidogo, yakashuka kwenye suruali ya kijivu kuanzia gotini hadi ndani ya kiatu. Bwana akaruka, na nafasi ya kuruka ikapatikana, ile ile ambayo sekunde tatu nyuma haikuwapo. "Mama vipi wewe!"

"Samahani baba," akasema mama mdogo, "gari imebana."

Gari zima likacheka, konda akapiga bati mara mbili. Mimi sikucheka sana. Niliuona mkono wake ukitetemeka aliporudisha mfuniko.

Utauliza kwa nini hakwenda polisi. Sheria anayo: tangu 1998 ile SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana, imeshaufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai, wa maneno na wa vitendo. Lakini kwenda kituoni ni kushuka, kutafuta gari jingine, kukaa benchi, kueleza mbele ya watu aliguswa wapi na vipi, huku jua linapanda na changu wamo ndani ya ndoo. Kufika saa nne wameshalegea macho, na wateja wa Buza wanajua kuangalia macho ya samaki. Kwa hiyo kwenye daftari la malalamiko asubuhi ile haikuandikwa hata mstari, na mwisho wa mwezi mtu wa ofisi yako atasoma daftari hilo na kutangaza kwamba njia ile ni shwari.

Mwenzako mmoja aliwahi kuniambia kwamba nchi imepata Rais mwanamke tangu Machi 2021, sasa sisi tunataka nini tena. Nilimjibu kwamba tunataka kupanda gari. Akadhani natania.

Maombi ya mteja wangu ni madogo. Apewe siti au asilipishwe. Bomba lishushwe kidogo, au pawe na mkanda wa kushika, kwa kuwa aliyelipima bila shaka alikuwa mrefu na mikono yote miwili ilikuwa mitupu. Nauli ikishalipwa idumu saa mbili, mtu ashuke kliniki na apande tena bila kuzaliwa upya. Na fomu ijayo iwe na visanduku sita.

Natanguliza shukrani kwa kuwa najua hoja mtaipokea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Binti wa meza ya nyuma
(kwa niaba ya ndoo)

Nakala:
Tajiri wa gari, aione hesabu.
Bwana wa suruali ya kijivu, popote alipo.
Mama mdogo, asomewe akishamaliza kukaanga.

Kiambatanisho: Ndoo moja, lita ishirini, nimeiacha mapokezi. Naomba irudishwe kabla ya saa kumi alfajiri. Walinzi wako wasiifungue.