Mwenye Mlango Analipa

Stuttgart, Ujerumani

 

Shangazi, ujumbe wako wa sauti umenifikia. Uliniuliza afya, ukauliza baridi, na kabla sijavuta pumzi ukawa umeshafika kwenye hela. Habari za hela ninazo, ingawa sizo unazozisubiri. Neno lenyewe limetoka hukuhuku niliko. Mwaka 1904 watawala wa Kijerumani walituletea sarafu ndogo iliyoitwa Heller, mia moja zikawa rupia moja. Wenyewe wakaondoka, rupia ikawafuata, hela ikabaki midomoni mwetu. Huku Heller haipo tena dukani. Utaisikia tu katika msemo wa kumsifu mtu aliyelipa deni lake lote bila kupunguza hata Heller wala Pfennig. Nilipomwambia mzee mmoja ninayemhudumia kazini kwamba mji mzima wa Tanga huamka alfajiri kutafuta Heller, alicheka mpaka nikamshika asianguke kitini. Kisha akaniuliza, je, huwa tunazipata?

Utasema basi, wewe uliyefika chimbuko la hela, mbona hutumi? Shangazi, zangu zinaliwa na maneno. Liko moja linaitwa Rundfunkbeitrag, yaani mchango wa redio na televisheni za umma. Ni euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba. Mimi televisheni sina. Redio ninayosikiliza iko kwenye simu, na ni ya huko kwetu. Haisaidii kitu. Tangu mwaka 2013 hawamuulizi mtu ana chombo gani, wanamuuliza ana mlango? Mwenye mlango analipa.

Na mlango wangu umeniletea makubwa zaidi. Kila zamu yangu inapofika naukuta umetundikwa kibao kimeandikwa Kehrwoche. Ni wiki ya kufagia. Jirani wa mkabala ndiye anayekitundika akishamaliza yake, bila kubisha hodi, kisha anaingia kwake. Huku kusini, kwa watu wanaoitwa Waswabia, kibao hiki kinajulikana kuliko bendera ya taifa. Zamu zenyewe ni mbili. Ile ndogo ni ngazi za ghorofa yako: kufagia, kupiga deki, kufuta vishikio vya ngazi na kingo za madirisha. Ile kubwa inashuka mpaka chini ardhini kwenye stoo, inapita barazani, inatoka nje kwenye njia ya waenda kwa miguu na pale panapokaa mapipa ya taka. Zamu kubwa ikiangukia msimu wa baridi, theluji ni yako pia: uamke gizani na koleo, uikwangue, umwage vijiwe, njia iwe wazi kabla watu hawajaanza kwenda kazini. Mpita njia akiteleza mbele ya nyumba akavunjika nyonga, ataulizwa mwenye kibao.

Wenyeji huuhesabu utaratibu huu kuanzia mwisho wa karne ya 15, enzi za mtawala wao Eberhard Mwenye Ndevu, wakati samadi ilipokuwa imejaa barabarani na kila mtu akaamriwa aondoe ya kwake. Samadi iliisha zamani, amri ikaendelea. Ikawa sheria ya mji wa Stuttgart hadi mwaka 1988 ilipofutwa, meya akiwa Manfred Rommel. Najua wazee wanaokaa hapo barazani jioni wameinua vichwa: naam, ni mtoto wa yule jemadari wa vita vya jangwani. Baba alipigana na Waingereza kule Afrika Kaskazini, mtoto akapambana na ufagio. Nao ufagio haukusalimu amri, maana ulipofukuzwa kwenye sheria ya mji ulikimbilia kwenye mikataba ya upangaji, na humo ndimo ulimonikuta mimi.

Kufagia hakunishindi, Shangazi, wewe ndiye uliyenilea kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijatoka. Linalonishinda ni kwamba ngazi zenyewe ni safi. Jirani alizipiga deki Jumamosi iliyopita, na tangu hapo wamepita watu wenye soksi. Unafagia basi hewa. Na uifagie kwa sauti, kwa sababu bibi wa ghorofa ya chini hana haja ya kuona uchafu umeondoka. Anataka kusikia ufagio ukigonga kila ngazi, ndoo ikilia, maji yakimwagwa. Akisikia vyote hivyo anafungua mlango kidogo, ananiambia "Grüß Gott", yaani Mungu akusalimu, na anaufunga. Asiposikia, Mungu hanisalimii.

Ndipo nilipowaelewa watu hawa. Jambo wakishalipa jina, wanalidai. Kwetu mvivu wa kufagia husemwa pembeni ya kisima, naye hujitetea, na huenda akashinda. Huku hakuna wa kubishana naye. Kibao hakisengenyi.

Nilifundishwa hata kupumua. Neno ni Lüften, kupitisha hewa, na lina adabu zake. Dirisha halifunguliwi kidogo tu likaachwa hivyo. Linafunguliwa wazi kabisa, na la upande wa pili nalo wazi, kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, hata kama ni Januari na maji ya mtaroni yamekuwa jiwe. Sababu wanayo, siwakatalii. Nyumba zao zimezibwa zisipoteze joto, kwa hiyo mvuke wa kupika, wa kuoga na wa pumzi zenu wenyewe hauna pa kutokea. Unageuka maji kwenye kuta zenye ubaridi, na baada ya majuma mnaona kuvu jeusi pembeni mwa kabati. Hapo mwenye nyumba anakuja na swali moja: ulikuwa unapitisha hewa? Kesi za namna hii hufika mahakamani, majaji wazima wakapima ni mara ngapi kwa siku mwanadamu anapaswa kufungua dirisha. Nami kila asubuhi nimesimama katikati ya chumba na koti, kofia na kikombe cha chai, nafukuza joto nililolinunua.

Sasa panda nao basi mwezi wa Julai. Jua linachoma, watu wamejaa, jasho linatiririka, na mtu mmoja ananyanyua mkono afungue kidirisha. Loo! Yuleyule mama aliyelala na dirisha wazi kwenye theluji anajifunga skafu shingoni na kulalamika kwamba upepo unapita. Wanaamini upepo wa namna hiyo unaleta shingo kukakamaa, mafua na maumivu ya mgongo. Tofauti ya hewa ya Lüften na upepo wa kwenye basi sijaipata bado. Nimeuliza kazini, nikajibiwa kwa mshangao kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali kabisa, maana vina majina mawili.

Maneno yao wanayaunga kama mabehewa, na anayetaka kuongeza behewa hazuiwi. Lile jimbo la kaskazini la Mecklenburg-Vorpommern lilitunga sheria mwaka 1999, wakati watu wakiogopa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, kuhusu nani akabidhiwe kazi ya kusimamia uwekaji wa lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Jina lake: Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Herufi 63. Walilifuta mwaka 2013, na gazeti lolote lililotaka kutangaza kifo chake lilibidi liliandike lote. Mpelekeeni salamu muuza nyama wetu pale buchani, ambaye ukimuuliza ng'ombe huyu katoka wapi anakujibu "Handeni" na mambo yanakwisha.

Kazini, ikifika saa sita mchana, watu wanapishana korido wakiambiana "Mahlzeit!" Tafsiri yake ni wakati wa chakula. Atakwambia mkurugenzi, atakwambia fundi umeme, atakwambia mtu unayemkuta anatoka chooni. Sasa Mswahili akisikia chakula kimetajwa anatafuta maji ya kunawa. Msijisumbue. Hiyo ni salamu tu, haina sahani nyuma yake. Mtu anakutajia chakula, anaketi mbele yako, anafungua kikopo chake, anakula mpaka punje ya mwisho akikutazama usoni kwa upole, wala haoni kwamba kuna neno lililobaki kusemwa. Mimi nimeshindwa kujizuia, kila nikifungua wali wangu nasema karibu. Mwanzoni walitafuta mlango, wakidhani kuna mtu anaingia. Siku hizi wamezoea, na wawili kati yao wameanza kukaribia kwelikweli, na vijiko vyao. Huenda hilo neno nitaacha kulitumia.

Na sifa? Usitarajie. Waswabia wana msemo kwamba ukiona hukukaripiwa, basi umekwisha sifiwa vya kutosha. Mkoa huu ndiko yalikoanzia magari ya Daimler, na ndiko yale ya Porsche yana makao yake, lakini mhandisi aliyeyaunda sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwambia hongera. Nilipika mchuzi wa nazi, nikampelekea bibi wa chini bakuli. Alilirudisha limeoshwa, limekaushwa, akasema: "Hapa mtu hana la kusema." Nilishuka moyo wiki nzima hadi mwenzangu mmoja wa kazini aliponieleza kwamba nimepewa nishani.

Kipimo cha sifa zao chenyewe wanakiita Muggeseggele. Anayesoma barua hii kwa sauti na aruke mistari miwili kama watoto wapo. Ni sehemu ya siri ya nzi dume. Ndiyo, Shangazi. Ndicho kipimo kidogo kuliko vyote kwa Waswabia. Ukitaka kusogeza kabati kidogo tu, unalisogeza Muggeseggele moja. Mwaka 2009 wasomaji wa gazeti moja la Stuttgart walipiga kura kuchagua neno zuri kuliko yote ya lahaja yao, na likashinda hilo. Yule mzee wangu wa Heller alilitamka kwa heshima kubwa, akanyanyua kidole kuonyesha ukubwa. Halafu akaniambia Kijerumani changu kimeboreka kwa kiasi hichohicho.

Lakini lipo neno moja ambalo kama ningeweza kuliiba ningeliiba, nimletee Mjomba pale dukani Ngamiani. Ni Feierabend. Ukilipasua unapata sherehe na jioni, ila ngoma haipigwi wala pilau haipikwi. Ni ule muda kazi inapokwisha. Mtu anaweka chombo chini, anasema "Feierabend", na hapo amekwisha kuwa mtu mwingine. Fundi bomba aliyekuja kwetu alifika dakika ileile aliyoahidi, jambo lililonitisha, na saa yake ilipofika alikusanya spana zake huku bomba likimtazama. Hakuomba radhi. Sikuona wa kumlaumu. Sheria yao ya muda wa kazi ya mwaka 1994 inataka mfanyakazi kwa kawaida apate saa 11 mfululizo za kupumzika kati ya zamu na zamu, na Jumapili imewekwa kwenye katiba yenyewe: kifungu walichokirithi kutoka katiba ya mwaka 1919 kinailinda kama siku ya kupumzika na kuinua nafsi. Kwa hiyo Jumapili maduka yamefungwa, keekee haitoboi ukuta, na chupa tupu hazitupwi kwenye pipa la vioo kwa kuwa zinalia. Kisamvu chako cha Jumapili, Shangazi, kingetuletea polisi kabla kinu hakijapata moto.

Mjomba, kwa upande wake, hajawahi kufunga duka. Anaushusha tu mlango nusu. Saa tano za usiku mtu anagonga anataka kiberiti, Mjomba anaamka, kwa sababu atamwambia nini? Kwamba amelala? Mgongaji anamsikia anavyojibu. Hana neno la kumkinga. Nimemfundisha hilo la Feierabend kwa simu, akalirudia vizuri, akacheka, kisha akasema subiri kidogo kuna mteja.

Sasa nasikia anataka kuja kunitembelea mwezi wa Disemba, apumzike. Nimefurahi sana. Nimekwenda ofisi ya wageni kuuliza, nikakuta kwamba kumwambia mjomba wako karibu kwa gharama zako kunahitaji hati iitwayo Verpflichtungserklärung. Inalipiwa euro 29. Napeleka hati zangu za mshahara wapime kama ukarimu wangu unatosha, halafu natia sahihi mbele ya ofisa kwamba chakula chake, malazi yake, matibabu yake akiugua na hata nauli ya kumrudisha, vyote viko juu yangu, na serikali ikitoa senti itanidai. Hapo naona Eberhard Mwenye Ndevu angeridhika.

Malazi sina wasiwasi nayo. Disemba ni zamu yangu kubwa, atapata koleo lake la theluji na kofia. Ofisa aliniuliza mgeni anakula kiasi gani kwa siku, na mimi nikaomba muda. Kwa hiyo Shangazi, kabla sijaweka sahihi, naomba uniambie kweli tupu, Mjomba asisikie: bado anamaliza chapati saba asubuhi, au amepunguza?