Mkanda wa Picha, Korosho na Mashine ya Posta: Taarifa ya Ughaibuni kwa Ndugu wa Masasi na Newala

Mkanda wa picha ambao haujasafishwa hauzivumilii eksirei. Chembe zake za chumvi ya fedha huzipokea kama zinavyopokea mwanga, na kila mashine ya ukaguzi wa posta huongeza madhara juu ya yale ya mashine iliyotangulia. Mkanda wa harusi ukija kusafishwa, bwana harusi yumo ndani ya ukungu. Jamaa wa Newala huenda wakadhani ni ule wa asubuhi upandao kutoka bonde la Ruvuma, wakamsifu mpiga picha.

Mkanda wa ISO 100 huweza kuponea chupuchupu. Wa 800 na zaidi hauna bahati. Kuandika "FILAMU, MSIPITISHE MASHINENI" kwa wino mwekundu ni adabu njema, ila mashine haisomi. Mfuko wa madini ya risasi nao huonekana doa jeusi, na mkaguzi analipwa mshahara kwa ajili ya madoa meusi.

Zawadi ya kwao Wamakonde ndiyo huponza zaidi. Mitambo mingi huonyesha vyakula kwa rangi ya chungwa, rangi ileile ya vilipuzi vingi. Korosho zikilala ubavuni mwa mkanda, kifurushi huweza kurudishwa kitazamwe upya. Korosho hutoka salama; harusi ndiyo huzidi kufifia.

Marekani kuna kali kuliko hiyo. Baada ya barua zenye kimeta za mwaka 2001, zilizoua watu 5, barua za ofisi za serikali kuu mjini Washington zilianza kupigwa miali ya elektroni, ambayo huuharibu mkanda kabisa. Shangazi aliyeko Texas hahusiki. Anayetaka kumpelekea seneta picha za jando asahau.

Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akipiga picha na hata sinema, hakuwa na shida hiyo. Eksirei zilikuwa zimegunduliwa miaka 11 tu kabla, na kupekulia nazo vifurushi hakukuwa desturi bado.

Dawa ni kusafisha kabla ya kutuma, kwa kuwa mkanda uliosafishwa na picha za karatasi havidhuriwi na eksirei za ukaguzi. Studio za kazi hiyo zimeadimika tangu simu zianze kupiga picha, wakati vijana wa ughaibuni wanalipia dola kupata chengachenga zilezile za picha za mkanda ambazo Masasi ilizikimbia. Ikishindikana, msafiri wa ndege aubebe mkanda mkononi na kuomba ukaguliwe kwa macho, korosho akizitia kwenye sanduku la chini, ambako eksirei haziondoi ladha.