Alama ya Kijani

Majaribio endelevu, yaani utaratibu wa kompyuta kuipima programu upya kila msimbo wake unapoguswa, ni ibada ambayo mafundi wa programu huria huitunza kwa bidii, na alama ya kijani ya kufaulu ikishawaka hulala usingizi mnono. Ramani huria ya OpenStreetMap, ambamo tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya Serengeti na Tarime, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wafikiwe, haikujaliwa starehe hiyo: mvua za Desemba, mwezi ambao (kwa bahati mbaya) ndio msimu wa ukeketaji, zikizoa daraja la magogo, hakuna seva inayowaka nyekundu. Mjaribu wa huko ni dereva anayeitafuta nyumba ya msichana usiku wa manane.