Namna ya Kubonyeza Bati la Ndege Bila Kugombana na Marangu Nzima

Ukishaamua kuunda ndege nyumbani Marangu, kitu cha kwanza utakachopata ni washauri. Mmoja atasema bati ni bati, apewe nyundo na msumari wa inchi nne, kazi iishe kabla ya mchana. Mwingine, aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, atakushikilia ununue mashine ya bei ya kihamba kizima. Wote wawili wapewe mbege, washukuriwe, na wasikaribishwe bandani.

Ngozi ya ndege ndogo ya alumini ni bati la unene wa milimita 0.5 hadi 0.8 hivi, na ndege nzima hushikwa na ribiti zaidi ya elfu kumi. Vichwa vya ribiti vikichomoza nje, kila kimoja kinaukwaza upepo. Rubani Mmarekani Howard Hughes alilijua hilo. Ndege yake ya H-1 ya mwaka 1935 ilikuwa na ribiti zilizolazwa sawasawa na ngozi, na Septemba ya mwaka huo ilivunja rekodi kwa kupita kilomita 560 kwa saa. Ili kichwa kilale, bati linahitaji kibonyeo cha kukipokea. Bati la zaidi ya milimita moja unaweza kulichonga kwa biti ya koni. Jembamba ukilichonga, tundu linabaki na ukingo mkali kama wembe, na mpasuko huanzia hapo. Kwa hiyo bati jembamba hubonyezwa: chuma dume juu, chuma jike chini, bati katikati. Vibonyeo vya mabati mawili vikikaliana, vinazuia mabati hayo kuteleza, na kiungo kinakuwa imara zaidi.

Fedha yako iende kwenye hiyo jozi ya dume na jike. Mashine ya kuisukuma ni jambo la pili. Nunua jozi ya ribiti za milimita 2.4 na nyingine ya milimita 3.2, zote za pembe ya digrii 100. Sisitiza digrii 100. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa biti ya skrubu ya digrii 90 na muuzaji ataapa kwamba hakuna tofauti. Tofauti ipo: kichwa cha ribiti kitakaa juu juu, na utaiona kwa kucha kabla ya kuiona kwa macho. Uso wa chuma uwe mgumu, umesuguliwa hadi unang'aa, kwa sababu kila mkwaruzo wake utahamia kwenye bati mara elfu kumi. Chagua pia zile zenye mbinuko mdogo usoni. Alumini ikibonyezwa hurudi nyuma kidogo, na mbinuko huo ndio unaoiacha ngozi ikiwa imenyooka, isiyo na mawimbi kuzunguka kila tundu.

Mtu wa Marangu hana udhuru wa kudharau uso wa chuma. Pale Mamba, jirani tu, wahunzi walifua mikuki na majembe tangu enzi za wamangi, kwa chuma kilichopandishwa kutoka Ugweno, Upareni. Mpelekee mhunzi wa huko jozi yako aipapase, kisha usikilize anachosema. Ila usimwombe akufulie nyingine, na fundi wa kerezo wa Moshi usimwombe vilevile. Wape kazi ya kukutengenezea fremu ya meza, juu yake ipigiliwe mbao za mgrevilea na zulia nene, ili bati lote likae usawa mmoja na uso wa jike. Bati likining'inia upande mmoja, kibonyeo kinapinda.

Sasa mashine. Fremu ya umbo la C, inayoingia karibu nusu mita ndani ya bati, hupigwa kwa nyundo. Ni rahisi, haihitaji umeme, na matokeo yake ni mazuri. Lakini kelele yake inavuka migomba yote hadi bondeni. Anza Januari. Ukianza tarehe 20 Desemba, magari yamekwisha kupanda kutoka Himo, nyumba imejaa mashemeji na wajukuu, na bibi amelala, utaitwa kwenye kikao cha ukoo. Kuna kosa jingine baya zaidi la nyundo: dume likitoka kwenye tundu bila wewe kuona, ukapiga, umetoboa tundu la pili pembeni ya la kwanza, na bati la bawa zima limeharibika.

Ndiyo maana, kama mfuko unaruhusu, mimi ninapendekeza fremu ya wenzo. Unavuta mpini, dume linashuka taratibu, mkono unahisi kama limekaa. Hakuna kelele, na mtoto wa darasa la sita anaweza kushika upande wa pili wa bati. Koleo la kubana kwa mkono ulinunue pia, kwa ajili ya kingo na mbavu. Lile la hewa ni zuri, lakini kompresa inataka umeme, na umeme una ratiba zake. Zile jozi ndogo zinazovutwa kwa msumari na koleo la ribiti za kawaida zinafaa pale pembeni kabisa ambapo kitu kingine hakifiki. Anayetaka kubonyeza ndege nzima kwa msumari afuge kuku.

Kabla ya kubonyeza, ondoa makapi ya keekee kwenye ukingo wa tundu, pande zote mbili. Usilipuuze hili. Mwaka 2023 kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, ambayo ndege zake za vifurushi zinaruka kwa maelfu duniani, iligundua kuwa matundu yaliyokatwa kwa leza yalikuwa yakipasuka yanapobonyezwa. Gharama ya kubadilisha mabati hayo ilikuwa moja ya sababu zilizoifikisha mahakamani Desemba ile kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye vipande vya bati lilelile, na kila kibonyeo kikague kwa lenzi.

Barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga iandikwe kabla ya ribiti ya kwanza. Ukitaka kuona ndege za bati zikiunganishwa nchini, nenda Morogoro, ambako Airplanes Africa Limited imekuwa ikiunganisha Skyleader zenye asili ya Czech. Jozi za dume na jike ni nyepesi, mpwa anayerudi likizo anaweza kukuletea kwenye begi na kuzitangaza forodhani. Masika yakianza, zipake mafuta na uzifunge kwenye kopo, maana unyevu wa Marangu hauchagui chuma.