Sifa Zimwendee Kiwavi

Port Reitz imebeba jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 awe gavana, akafa kwa homa mwaka huohuo. Ikiwa mtu wa miezi michache tu amepewa hori nzima, basi kiwavi, mkazi wa hapa kabla ya magavana wote, amedhulumiwa pakubwa. Hana mtaa wala kituo cha matatu kinachoitwa kwa jina lake. Malipo yake ni kukanyagwa na kupuliziwa dawa. Nami nadai kwamba baadhi ya dawa hizo, pamoja na sehemu nono ya shehena inayopita Changamwe kuelekea bandari ya Kilindini, ni matunda ya meno yake.

Mti hauna miguu. Adui akija unabaki palepale, na silaha yake ni kulifanya jani lisilike. Utazame mwarobaini, au mkilifi kama wengi wa pwani wanavyouita, mti wa kivuli cha nyua zetu. Ndani yake mna azadiraktini, kemikali inayomkatia mdudu hamu ya kula; na akijikaza akala, humvurugia homoni za kujiambua, akakwama ndani ya gamba kuukuu hadi afe. Mwaka 1959 nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliwaona nzige wakitua kwenye mwarobaini na kuuacha mzima, huku mimea ya jirani ikifyekwa. Kemikali hiyo ilitengwa Uingereza mwaka 1968, na kundi la Steven Ley wa Cambridge lilihangaika miaka 22 kuiunda maabarani, likafaulu mwaka 2007. Mti huiunda juani, bila maabara. Watetezi wake watasema ulijitungia wenyewe, kwamba mdudu hakukusudia kumfundisha yeyote. Ni kweli hakukusudia. Hata mwizi hakusudii kumtajirisha muuza makufuli, ila bila wezi muuzaji huyo angelala njaa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba huenda uchungu huo ulimlenga mbuzi, au ukungu. Nakubali nusu, kwa kuwa uchungu mmoja hufukuza maadui wengi. Lakini sumu ya kuvuruga kujiambua imtie hofu mbuzi kwa lipi, naye huzaliwa na kufa na ngozi ileile? (Mwarobaini wenyewe ulitoka Bara Hindi, kwa hiyo viwavi wa huko ndio walioanza kazi, wa kwetu wamerithi lawama.)

Ukishuka horini kwenye mikoko, hadithi ni ileile kwa ladha nyingine. Humo silaha ni tanini, inayoshikana na protini hadi jani likawa gumu kusagika tumboni. Wanywaji wa chai kali wanaijua: ndiyo ule ukakasi unaokausha ulimi. Wala majani ya mikoko ni pamoja na kaa wa matopeni, nao wapewe fungu lao la sifa. Magome ya mikoko, yenye tanini hiyo, yalisafirishwa ng'ambo kutengenezea ngozi, na boriti, ambazo mchwa hazipendi, zilipanda majahazi kwenda kuezeka nyumba za Oman na Ghuba hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Mkulima aliyeliwa mahindi na viwavi jeshi hana sababu ya kucheka, na simwombi acheke. Namwomba tu apige hesabu yote. Paul Ehrlich na Peter Raven walieleza mwaka 1964 jinsi vipepeo na mimea walivyosukumana vizazi kwa vizazi: mmea ukizua sumu, kiwavi huzua kinga, mmea nao huzua nyingine. Hiyo kafeini inayouzwa mnadani Mombasa ndani ya chai ni zao la ugomvi huo. Mwaka 1984 James Nathanson alionyesha kwamba kafeini, kwa viwango vilivyomo katika majani ya chai na buni, huua viwavi. Na ugomvi haujaisha, maana watafiti walibaini mwaka 2015 kwamba yule mdudu mdogo anayetoboa buni amefuga tumboni bakteria wa kuivunja kafeini. Anayeona hapo ushahidi kwamba sumu haifai kitu amekosea. Wengi wamezuiliwa mlangoni, akapenya huyu, tena kwa msaada wa wapangaji wa tumboni. Na sisi je? Jioni muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, akiuza sumu ya wadudu iliyokaangwa, ikatwangwa, ikachanganywa na tangawizi. Watu huinywa chungu vilevile, wakachangamka, wakaongeza cha pili. Kiwavi, ambaye mchanganyiko huo uliandaliwa kwa ajili yake, hajawahi kukaribishwa hata kipande cha halua.